Siku Niliyopigia Pembe Mchezo wa Redio

Naanza na aibu yenyewe nisije nikaizungukazunguka: mimi ndiye yule mtu aliyewatoa watu wa vilima viwili mashambani na kanisani, wakaja mbio na majembe wakidhani ndiva, bwawa letu la maji, imepasuka, kumbe nilikuwa nawaita waje kusikiliza mchezo wa redio, na mchezo wenyewe haukuwepo. Wanaokumbuka wanacheka mpaka leo. Waache wacheke, walikuja wote.

Nimelikumbuka jambo hili juzi kwa sababu ya wajukuu zangu. Tamthilia yao ya kwenye runinga imekatwa katikati, msichana mmoja ameachwa amesimama mlangoni na bahasha mkononi, na watoto wamenuna kutwa kama waliofiwa. Mama yao anawaambia huo ni upuuzi. Mimi nikawaambia si upuuzi hata kidogo, upuuzi ninaujua, kaeni chini niwaeleze.

Miaka ile ya Ujamaa, huku kwetu milimani upande wa Myamba, redio ya kwanza kwenye kilima chetu ilikuwa yangu. Sikupewa na mtu. Shule niliishia darasa la pili, nikateremka tambarare kukata mkonge na watu wa kila kabila, nikapigwa na jua na miiba mpaka ngozi ikawa kama gome, nikarudi nikajenga nyumba ya bati, nikaoa, nikanunua redio ya betri kubwa kubwa, waya wake nikaufunga juu ya mti wa mgrevilea (betri zikichoka tunazianika juani, zinapata nguvu tena, na asiyeamini asiamini). Waliosoma kunizidi walikuwa wanakuja kwangu kusikiliza, wanakaa kwenye mkeka wangu, wanakunywa maji yangu.

Kilichowaleta si taarifa ya habari. Kilichowaleta ni mchezo wa Dereva Masumbuko, kila Alhamisi saa nane mchana. Unaanza kwa ngoma na filimbi, halafu lori linaunguruma, halafu Masumbuko anakohoa, na hapo hata mtoto mchanga ananyamaza. Masumbuko alikuwa dereva wa lori anayempenda msichana aitwaye Tausi, na mjomba wa Tausi, mzee mmoja tajiri mwenye sauti kama mlango mbovu, alikuwa anataka kumwoza kwa rafiki yake ili apate shamba. Sisi tulimchukia yule mjomba kuliko tulivyowachukia nguruwe pori wa mahindi. Kuna mama mmoja alikuwa akimsikia anaitukana redio yangu mpaka nikamwomba ahamie nyuma.

Basi ikafika Alhamisi moja, Masumbuko kamchukua Tausi na gauni lake la harusi, wanakimbia na lori, mto umefurika, lori likazama katikati. Maji yanapanda. Masumbuko anasema, "Tausi, shuka upande wangu, usiyatazame maji." Ngoma ikapigwa, mpaka wiki ijayo.

Wiki ijayo haikuja. Tulikaa, ua mzima umejaa, saa nane ikafika, mtangazaji akasema kipindi hicho hakitasikika tena, akapiga muziki wa dansi. Hakusema kwa nini. Hakusema Tausi alitoka au alikufa. Watu walikaa pale wakitazama redio kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeanguka ghafla. Wengine walisema mtunzi kahamishwa, wengine wakasema kuna mkubwa fulani alijiona kwenye yule mjomba akakasirika. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mtu ukikata hadithi ukawaacha watu wawili ndani ya maji, huna adabu, uwe na cheo gani.

Sasa shemeji yangu Elinaja, kaka wa mke wangu, mtu wa maneno tangu anazaliwa, akaanza kutangaza kilimani kwamba mchezo umesharudishwa, ila redio ya shemeji yake imechoka haiukamati tena. Maneno hayo yaliniuma. Watu wakapungua uani kwangu. Nikapitisha miezi naifungua redio kila Alhamisi peke yangu kama mtu anayetembelea kaburi.

Hapo inabidi niwaeleze habari ya pembe. Ndiva, kwa wasiotoka kwetu, ni bwawa la udongo na mawe walilochimba babu zetu. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Kulitengeneza ni kazi ya wote, inaitwa msaragambo (wakubwa walikuja kutufundisha Ujamaa, tukawasikiliza kwa heshima, lakini msaragambo tulikuwa nao kabla hawajazaliwa). Watu huambiwa siku moja kabla, asubuhi pembe la tandala linapulizwa, kila mtu anatoka na jembe. Likipulizwa bila taarifa, maana yake ndiva imepasuka au kuna moto. Hakuna maana nyingine. Na kilima cha pili kikilisikia kinapuliza la kwao, nao wanakuja.

Mwenye pembe alikuwa Mzee Sekiete, msimamizi wa ndiva, ambaye kifua kilikuwa kimembana hawezi tena kupuliza. Akaniita mimi. Ukoo wetu haukuwahi kushika chochote cha maji, tulikuwa watu wa kungoja zamu. Akaniambia, "Una pumzi, na huna ndugu wengi wa kupendelea. Likae kwako mpaka kikao cha Jumamosi. Ukilitunza, nitawaambia wazee wewe ndiye msimamizi." Sikulala kwa furaha. Nililitundika juu ya kitanda, mke wangu Nakiete akasema sasa tumekuwa watatu chumbani.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao, nimekaa uani nachonga mpini, betri nimeziondoa juani nimezitia kwenye redio, naifungua tu kwa mazoea. Nikasikia ngoma. Ngoma na filimbi. Ileile.

Nikasimama. "Umerudi."

"Nini kimerudi?" Nakiete anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa.

"Masumbuko. Sikia ngoma."

"Nimesikia. Ngoja basi aongee."

Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo, mdogo tu, wa kungoja mtu akohoe. Sikungoja. Nyumba zetu zimetawanyika, moja huku, nyingine ng'ambo ya korongo, nikisema nizunguke kugonga milango lori lingekuwa limeshatoka mtoni na kukauka. Na nilimtaka Elinaja aje asikie kwa masikio yake redio ya nani imechoka. Nikaingia ndani, nikachukua pembe, nikapanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Nyuma yangu namsikia Nakiete, "Baba Eli, hilo ni pembe la ndiva. Baba Eli." Nikapuliza.

Nisiwadanganye, nilipuliza vizuri. Kifua cha mkonge kile. Sauti ilikwenda ikagonga mlima wa pili ikarudi, nikapuliza tena, na kabla sijatua, pembe la kilima cha pili likaitikia. Ndipo nikaliteremsha pembe, kwa sababu wale wa kilima cha pili hawakuwahi hata kuusikiliza mchezo.

Nikateremka mbio, nikaiweka redio kwenye kigoda katikati ya ua, nikaifungua mpaka mwisho. Nikasema wakifika wataelewa.

Wa kwanza alikuwa Elinaja. Alikuwa ananyolewa, nusu ya kichwa ina nywele nusu haina, povu linamtiririka sikioni, jembe begani. "Imepasuka upande gani?" Kabla sijajibu wakaingia kina mama na vikapu vya mawe ya kuzibia. Wakaja waliokuwa wanaezeka, wana nyasi kichwani. Akaja mchungaji na darasa lake zima la kipaimara, watoto wamekunja nguo nyeupe wasizichafue. Ua ukajaa, njia ikajaa, wengine wamesimama ndani ya migomba yangu, wote wanahema, wote wananitazama.

Na katikati yao redio yangu, haina uchovu wowote, inasema kwa sauti safi kabisa, "...na ndugu mfugaji, ukiona kuku ameanza kuhara mavi meupe, usimchanganye na wenzake."

Ngoma zilikuwa zilezile. Mchezo waliuua, ngoma zake wakazichukua wakawapa watu wa kuku. Mtu aliyekufa unamvua hata viatu.

Walikuwa hawajaelewa bado. Halafu watu wakapisha njia, nikamwona Mzee Sekiete anapanda, binti zake wamemshika huku na huku, kifua kinalia kama mvukuto, na jembe kakataa kubebewa, analo mwenyewe. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inifunike. Hao wengine niliwatoa kazini, huyu nilimtoa kitandani.

Akasimama mbele yangu. Tulingoja apate pumzi.

"Ndiva ikoje?"

"Shikamoo mzee. Ndiva ni salama."

"Marahaba. Moto?"

"Hakuna moto."

"Sasa umetuitia nini?"

Ningeweza kudanganya, nikasema nimeona ufa ukutani, na wangekubali. Lakini mimi nina ubaya wangu mwingi, huo haumo. Nikasema, "Nilisikia ngoma za Masumbuko, mzee. Nilidhani mchezo umerudi."

Redio ikasema, "Na maji ya kunywa yabadilishwe kila siku."

Elinaja ndiye aliyeanza. Hakucheka kwa kelele, aliketi chini polepole na kile kichwa chake cha nusu nusu, akaniuliza, "Shemeji, na hawa kuku wako, wote wazima?" Basi. Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Mchungaji aligeuka akautazama mgrevilea mabega yanamcheza. Waliokuja kutoka kilima cha pili waliuliza Masumbuko ni nani, wakaelezwa, wakacheka upya kwa zamu yao. Nakiete aliifunga redio akaingia nayo ndani, akafunga na mlango.

Asiyecheka alikuwa Mzee Sekiete. Akasema, "Pembe limeshalia. Watu wakishatoka na majembe hawarudi bure, twende tukaitoe tope ndiva. Na huyu aliyetuita kwa shughuli yake, atatulisha."

Ndivyo ilivyo desturi, na ni ya haki, sikubisha. Nilichinja beberu langu lile jeusi, na ndizi zikakatwa mpaka shamba likawa na mwanga. Ndiva ilikuwa na tope la miaka, kila mwaka tunasema mwakani. Siku ile, na watu wa vilima viwili, liliondoka lote. Nilichimba katikati kabisa, mahali penye uzito, kichwa chini.

Na huku tukichimba, jambo likatokea ambalo sikulitegemea. Yule mama wa matusi akasema, "Lakini Tausi alitoka." Mwingine akasema hakutoka, gauni lile lilikuwa refu mno. Mwingine akasema Masumbuko alimtoa Tausi akaondoka yeye na maji. Wakaanza kubishana na majembe hewani, wale wa kilima cha pili nao wameingia, hawajausikia mchezo hata siku moja na tayari wana upande wao. Mchungaji alisema anaona mjomba ametubu, akazomewa. Mpaka jua linashuka hawakukubaliana, na hakuna aliyetoka kazini mapema, maana anayeondoka anaonekana ameshindwa.

Jumamosi kikao kilikaa. Nilivaa shati la kwenda kanisani, nikalibeba pembe mwenyewe. Mzee Sekiete akalipokea, akalitazama ndani kama anayetafuta kitu, akasema mbele ya wazee wote, "Pumzi yako nimeisikia nikiwa kitandani, haina mfano. Lakini mwenye pembe ni yule anayeweza kukaa nalo bila kulipuliza." Akamkabidhi Elinaja. Elinaja, ndugu zangu, kichwa kimeshanyolewa chote kinang'aa. Alilipokea kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, Nakiete akaniuliza limekwenda kwa nani, nikamwambia kwa kaka yako, akasema basi chumba kimebaki chetu.

Sikulishika tena maishani, na ukoo wetu umerudi kungoja zamu. Lakini nisikilizeni vizuri, maana si kwamba najisifu, hili ni jambo la kweli: maji ya ndiva ile yalifika mwaka ule kwenye mashamba ya chini kabisa ambayo yalikuwa hayajayaona kwa muda mrefu. Elinaja amepuliza pembe miaka mingi, kwa taarifa, kwa utaratibu, kwa kila kitu, na hajawahi kuwatoa hata nusu ya watu niliowatoa mimi kwa mara ile moja. Akibisha, mleteni hapa.

Wajukuu nimewaambia: mkisikia ngoma ya kitu mlichokipenda, kaeni, mngojeni mtu akohoe kwanza. Mimi tangu siku ile sijapuliza kitu. Moto wa jikoni namwachia Nakiete aupulize, na chai ikiwa ya moto naiweka hapo inapoa yenyewe.