Picha Iliyokatwa Ukingo

Mwaka 1972, Sirili, mpagazi wa Marangu, alimbeba mgongoni mchoraji mgeni aliyevunjika mguu mlimani. Mchoraji akamzawadia nakala iliyochapwa ya mchoro wake wa kilele cha Kibo, yenye sahihi yake ya penseli ukingoni. Miaka kumi baadaye, Sirili na mkewe Mektrida waliipeleka Moshi kwa muuza picha, wajue thamani yake.

"Ukingo wenye sahihi umekatwa," muuza picha alisema. "Sasa ni karatasi tu."

"Ni panya," Sirili akajibu upesi.

Mektrida akainamisha uso. Yeye ndiye aliyeikata kwa mkasi ili ienee kwenye fremu. Kumbe mumewe alijua siku zote, na sasa alikuwa akimfichia!

"Ni mimi niliyeikata," Mektrida akasema kwa shida.

"Twende, Mama Primus," Sirili akamwambia mkewe, "basi litatuacha."

Hadi stendi Mektrida alimfuata mumewe nyuma, kwa aibu akashindwa kutembea naye sambamba.