Jembe la Waliochelewa

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila ninaponusa udongo uliolowa: siku niliyoingia Bunia nikiwa nimekaa juu ya magunia ya samaki wakavu. Lori lilitoka Mahagi asubuhi ya mvua, na mvua ile haikutuacha. Tulikwama Djugu, tukasukuma. Tukakwama tena mbele kidogo, tukalala kwa watu waliotupa ugali bila kutuuliza majina. Miezi ile barabara ilikuwa imetulia, haina vita, ndiyo maana mama aliniruhusu kwenda. Katika mfuko wangu wa safari nilikuwa na shati moja jeupe, diploma yangu ya sekondari, na jembe la baba mdogo lisilo na mpini, limefungwa kwa gazeti kama mkate. Baba mdogo alisema mpini nitapata huko huko, miti haikosi Bunia.

Tulipofika mji mdogo wa Iga Barrière lori lilisimama kushusha mizigo. Vijana wanaochimba dhahabu, matope yamewakaukia magotini, walipanda wakajibana nasi kwa safari ya mjini. Mmoja aliona chuma kinachungulia mfukoni mwangu, akauliza naenda kuchimba shimo gani. Nikamwambia naenda kufundisha kilimo shuleni. Walicheka mpaka dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu," akaniambia yule kijana, akifuta machozi, "siye tunachimba tunapata dhahabu. Weye utachimba upate nini? Minyoo?"

Nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na hamu ya miji mipya, sikuwa mtu wa kukasirika safarini. Hata leo nikisikia lori linanguruma kupanda mlima, miguu inaniwasha. Sijafikia mvi za kuitwa mzee, nina miaka arobaini na kitu, lakini barabara nilizopita zimenipa ruhusa ya kukuita mwanangu. Wewe unayejiandaa kusimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, nisikilize kidogo.

Shule iliyonipokea ilikuwa na seksio, yaani mchepuo, ya kilimo yenye mwalimu mmoja tu. Huyo alikuwa Madame Furaha, mama mnene, mtulivu, aliyefundisha hapo tangu mimi najifunza kutembea. Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Prefe, alinikubali kwa mazoezi ya ualimu ya msimu mmoja, kutoka kuchipua hadi kuvuna, chini ya macho ya mama huyo. Lakini siku ile ile alituambia jambo jingine. Wanafunzi wa kilimo walikuwa wamebaki wachache mno. Wawili walikuwa wamehamia seksio ya biashara juma lililopita. Wakiondoka wengine, mwaka ujao kilimo kitafungwa, na shamba litajengwa madarasa.

Madame Furaha aliinuka. Alinitoa nje akanionyesha shamba lenyewe, nyuma ya madarasa: mahindi yaliyoanza kuchipua, maharagi, matuta ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu. Alilitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa.

Homa yenyewe niliiona kesho yake. Shuleni pale, aliyechelewa kengele alipewa jembe. Aliyekamatwa akisema Kiswahili darasani badala ya Kifaransa alipewa jembe. Aliyepiga kelele, jembe. Na pa kulima palikuwa shamba letu. Kwa hiyo kila asubuhi, wanafunzi wangu walipokuwa wakipima nafasi kati ya shimo na shimo, upande wa pili walikuwapo waliochelewa, wamenuna, wanakata magugu pamoja na maharagi. Tena walikuwa na utani wao. Aliyeuanzisha alikuwa Jeromu, mvulana mrefu wa biashara ambaye sikuwahi kumwona akifika kwa wakati.

"Siye tunalima juu ya kosa," alikuwa akiwaambia wanafunzi wangu, akimaanisha kwa sababu ya kosa. "Nyinyi kosa yenu ni nini?"

Waliinamisha vichwa, wakalima haraka ili kipindi kiishe.

Hodari kuliko wote alikuwa Neema. Alitoka kijijini Aveba, wazazi wake ni wakulima, na pale mjini aliishi kwa shangazi yake. Alikuwa na uwezo wa kushika jani akakuambia udongo wake umekosa nini. Mchana mmoja alibaki nyuma baada ya kipindi, akaniambia kwamba juma lijalo anahamia biashara. Nilimuuliza kama kilimo kimemshinda.

"Kule kwetu nalima na mama, hakuna mutu ananicheka," alisema. "Hapa nalima sawa mwizi."

Nilijua kwamba Neema akiondoka, wengine watamfuata, na Madame Furaha atabaki na chaki mkononi bila mtu wa kumfundisha. Nikafanya wanachofanya vijana wenye shati jeupe: nikatoa hotuba. Nilisema kilimo ni uti wa mgongo wa nchi. Waliandika kwenye daftari kwa adabu. Kisha nikawaendea waliochelewa, nikawaomba waache dhihaka. Jeromu aliinama kwa heshima kabisa, akasema ndiyo mwalimu, na kesho yake utani ulikuwa umeongezwa mkia: kwamba kosa la wanafunzi wa kilimo ni kubwa mno, hata mwalimu amekuja kuwaombea msamaha.

Siku hiyo Madame Furaha aliniita kwenye kibanda cha majembe. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniacha nimesimama.

"Mwalimu mudogo, nani anaachaka kucheka juu ya kuombwa?" alisema. "Ndani ya shamba hii wanatupa kila mutu mubaya. Sasa muzuri ataitamani namna gani? Wafungie mulango."

Niliuliza nimfungie nani.

"Wenye kuchelewa. Wasiguse tena jembe. Wakae paleee, waangalie." Kisha akaniangalia kutoka kola hadi viatu. "Na weye pia, toka kule pembeni. Tangu umefika, ile shati haijaona udongo."

Nilidhani ananitania, lakini alikuwa tayari ananichagulia mpini.

Mkuu wa nidhamu, mtu mkali mwenye filimbi shingoni, hakutaka kuamini masikio yake tulipomweleza. Mtoto amechelewa, halafu akae tu? Hiyo ni adhabu au likizo? Mwishowe alikubali kwa sharti. Wanafunzi wetu wachache, pamoja nami, tulime shamba zima bila msaada wa mtu. Magugu yakitushinda, waliochelewa watarudi na majembe yao, na yeye mwenyewe atamwambia Prefe aifunge seksio. Nikamwomba Neema angoje tuone.

"Mpaka mavuno," alinijibu. "Kisha naenda."

Mwanangu, sijawahi kulima kama nilivyolima msimu ule. Mvua ya Bunia haimuulizi mtu ratiba, na magugu yalipenda mvua kuliko maharagi. Shati langu jeupe liligeuka rangi ya tope, na sabuni haikulirudisha tena. Waliochelewa walikaa kwenye ukuta mfupi wa darasa lisilokwisha kujengwa. Mwanzoni ilikuwa sherehe. Waliimba, wakatupungia mikono kama wageni wa harusi. Baadaye nyimbo ziliwaishia. Kukaa bila kazi huku wenzako wana kazi ni jambo linalochosha ajabu. Wakaanza kutusahihisha kutoka ukutani, mara tumeacha majani pale, mara mstari ule umepinda. Na wanafunzi wangu, kwa kuwa sasa walikuwa na watazamaji, wakaanza kulima kwa madaha.

Lakini kuna juma mvua ilinyesha bila kupumzika, na ilipokatika hatukuona maharagi, tuliona magugu tu. Mkuu wa nidhamu alikuja akapita kati ya mistari, filimbi mdomoni, hakuipuliza. Alisema atarudi siku ya kufunga juma. Nilimtazama Neema, naye akatazama upande wa madarasa ya biashara. Ndipo Madame Furaha akavua viatu, akafunga kitenge chake vizuri, akaingia mstari wa kwanza. Neema alimwangalia yule mama akiinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Akachukua jembe akaingia mstari wa pili. Tuliingia wote. Siku ya kufunga juma mkuu wa nidhamu alipita tena, akakuta mistari safi, akasema "mm," akaenda zake.

Mahindi mabichi yalipofika, tuliyachemsha pale pale shambani kwenye sufuria kubwa. Harufu ilifika ukutani kabla ya mapumziko. Nikamwona Jeromu anashuka, anakuja mpaka kwenye kamba tuliyofunga kuwa mpaka wetu. Hakuivuka.

"Neema, ndugu yangu," alisema taratibu, "siye pia tunajua kulima. Nipatie jembe kidogo."

Neema aliegemea mpini wake, akamwangalia.

"Weye ulifanya kitu gani kizuri?" aliuliza.

Ukuta mzima uliangua kicheko, na safari hii kilimwangukia Jeromu, naye akacheka mwenyewe.

"Hapa wanalima wenye kufika mapema," Neema akaongeza. "Kuya kesho, mbele ya kengele."

Kesho yake Jeromu alifika kabla ya kengele, tena hakufika peke yake. Neema hakuhama. Ulipofika wakati wa kujiandikisha kwa mwaka mpya, kilimo kilikuwa na wanafunzi wa kutosha, na Prefe hakulizungumzia tena suala la kujenga madarasa.

Prefe aliniomba nibaki, sasa kama mwalimu kamili, kwa sababu Madame Furaha alinisifu mbele yake. Nilibaki kidogo. Tulipanda maharagi mengine. Kisha nikasikia kuna lori linaelekea Komanda na msitu wa Mambasa, na miguu ikaanza kuwasha.

Asubuhi ya kuondoka nilipita shambani kuaga. Maharagi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Mwalimu, unaenda na maharagi haijaiva?" Neema aliuliza.

Nilimwachia jembe la baba mdogo, na mpini wake. Madame Furaha hakunikaripia. Alinifungia mahindi mawili katika jani la ndizi, akasema mimi ni mtu wa barabara, basi nile njiani. Lori lilipopita nyuma ya shule nilisimama juu ya mizigo ili nionekane. Niliona migongo yao imeinama mstari kwa mstari. Hakuna aliyeinua kichwa, walikuwa kazini. Sikurudi tena Bunia.

Kwa hiyo mwanangu, usiwaombe watu waiheshimu kazi yako. Iingie kwa mikono yako miwili, ilinde isitupiwe kila asiyetakiwa, na wanaocheka watafika wenyewe kwenye kamba. Hilo Madame Furaha alinifundisha. La pili nimejifundisha mwenyewe, kwa kuchelewa: ukipanda na watu, kaa hadi mvune, mle pamoja. Nimekula katika miji mingi, na bado natamani yale maharagi.

Mungu akujalie mvua ya kiasi na wanafunzi wenye utani. Kengele isikukute njiani. Na siku yako ya kuondoka ikifika, ikukute umeshiba ulichokipanda.