Harusi Iliyongojea Kichwa Changu

Jumamosi iliyopita nilifumua rasta za binti yangu, na nywele za mbele zikaja nazo. Sisemi nywele mbili tatu. Ukanda mzima, kutoka sikio hili hadi lile, umebaki laini kama goti. Ana miaka saba. Nilizifunga zile rasta kwa gazeti, nikashuka nazo hadi saluni, sokoni Kabati, nikazimwaga mbele ya yule dada aliyemsuka na kumuuliza hizi ni nywele za nani. Akaziangalia huku akitafuna chingamu.

"Mamake, ulikuwa unapulizia sprei asubuhi na jioni?"

Kiangazi hiki, akaendelea, kinataka sprei, kinataka povu, kinataka kofia ya satini ya kulalia, na akaniinulia simu nijisomee mwenyewe. Yaani kosa ni langu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu najua wewe ni mtu wa kanisa.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, na njiani nikamkumbuka susu. Susu ni nyanya, kwetu Wakamba. Wazazi wangu waliishi Nunguni, huko juu kwenye baridi na ukungu, lakini likizo ya Agosti ilikuwa ya susu, Kwa Vonza. Kama hujawahi kuonja Agosti ya Kwa Vonza, ngoja nikwambie. Asubuhi baridi inakudanganya uvae sweta. Saa sita jua limekukalia utosini, na upepo unakuletea vumbi jekundu la kutosha kukandika nyumba. Susu alikilinda kichwa changu katika hali hiyo mwezi mzima, na hakuwa na simu ya kujisomea.

Alinisuka kwa uzi mweusi, yeye kwenye kigoda, mimi chini kwenye gunia katikati ya magoti yake. Alisuka nywele jinsi alivyosuka vyondo, vikapu vyetu vya nyuzi za makonge, bila kuangalia, akiwasema majirani. Mafuta yalikuwa ya mbarika uliosimama uani. Alizikaanga mbegu mwenyewe, akazitwanga, akazichemsha, na harufu ilikuwa ya kufukuza hata mbuzi. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini ukifika kwenye paji la uso ulipunguza mwendo kama mtu anayepita kwenye mayai.

"Hizi za mbele ni watoto," alikuwa akisema. "Watoto hawaajiriwi kazi."

Maji yalitoka mtoni, kwenye visima vya kuchimbwa mchangani, na punda alileta mitungi minne kwa siku. Hiyo ni ya watu, ndama na kuku. Kwa hivyo kichwa changu kilipewa kikombe kimoja, kila Jumamosi. Kikombe kimoja! Susu alichovya pembe ya kitambaa, akaipitisha kwenye ngozi katikati ya mistari, akikandamiza bila kusugua. Maji yaliyodondoka kwenye karai yaliniosha miguu, kisha yakamwagiwa mpapai. Mpapai ule ulitunzwa kuliko mimi. Mchana nilifungwa leso kuzuia vumbi, na usiku nilivishwa kichwani mguu mmoja wa soksi zake ndefu za kanisani, kisigino kikining'inia mgongoni. Jirani aliyekuja alfajiri kuomba moto alinikuta mlangoni hivyo, akarudi kwake bila moto.

Sasa, nikiwa na miaka tisa, anti yangu, kitinda mimba wa susu, akawa anaolewa, na mimi nikachaguliwa kuwa mtoto wa maua. Nikasikia wenzangu watatu wanatoka mjini Kitui na rasta za kufika kiunoni. Nikamlilia susu. Akasema kichwa cha mtoto si msumari wa kuning'inizia vitu, na hapo maneno yakaisha.

Alhamisi, susu alipokwenda kanisani na akina mama kuchagua mchele, nilichukua fungu la makonge aliyoyapaka rangi nyeusi kwa ajili ya kiondo, nikaenda kwa binti wa jirani. Huyo alikuwa kidato cha pili na alijisifu kuwa anaweza kusuka hata ufagio. Alinisuka na yale makonge mpaka jioni. Watoto wote wa mbele waliajiriwa siku hiyo, na kazi ngumu. Nikafunga leso juu, na usiku ule na uliofuata nikajivisha soksi mwenyewe. Susu aliporudi akatafuta makonge yake, akaniuliza. Nikasema huenda ndama ameyala. Susu akamwangalia ndama, akaniangalia mimi, akaenda kuwamwagia kuku mtama.

Asubuhi ya harusi vumbi lilikuwa limejaa kichwani na nilikuwa nawashwa. Nikaona heri nioshe, tena vizuri, maana kikombe kimoja ni cha washamba. Nikajimwagia ndoo nzima, susu akiwa ameshatangulia kanisani. Wewe uliyewahi kufunga mbuzi kwa kamba ya makonge ikanyeshewa, unajua kilichofuata. Makonge yakilowa hukaza; fundo hulifungui, unalikata. Tulipofika kanisani nyusi zangu zilikuwa zimepanda na sikuweza kufumba macho kuomba. Rangi nyeusi ilikuwa inashuka kwenye gauni jeupe kama mvua ya masizi.

Anti aliteremka kwenye gari, akaniona. Akasema nitolewe kwenye laini, ama hivyo vitu vikatwe sasa hivi. Mtu akaleta kisu cha wapishi. Kukata kulimaanisha kukata hadi kwenye ngozi, na mimi niliona ni heri nikatwe nitembee na maua hata nikiwa na mabaka kama fisi.

Susu alikichukua kile kisu. Akanipeleka nyuma ya kanisa walikokuwa wakipika, akaniketisha juu ya sufuria iliyopinduliwa, yeye akakikalia kisu, akachota mafuta ya chapati kwa kiganja na kuanza kufumua kutoka nchani. Moja. Halafu nyingine. Pasta akatuma mtu. Bwana harusi akapangusa jasho hadi kitambaa kikalowa. Kwaya iliimba nyimbo zote ilizozijua, ikaanza za Krismasi. Mwishowe anti akaja mwenyewe, shela ikiburuta vumbi.

"Mwaitu, watu wanaungua na jua," alimwambia mamake.

"Wewe una siku moja, na itapita," susu akamjibu bila kuinua macho. "Huyu anaenda na hiki kichwa mpaka azeeke."

Nilitembea mbele ya bibi harusi nywele zikiwa zimesimama wima, leso ikificha gauni, nikinuka chapati. Picha ziko. Katika zote nyusi zangu bado ziko juu, kama mtu aliyepashwa habari mbaya. Lakini hata unywele mmoja wa mbele haukupotea. Jioni susu aliniamuru nimpelekee ndama maji na nimwombe msamaha kwa sauti, naye akasimama pale kuhakikisha ndama amesikia.

Susu tulimzika, mbarika ukakatwa, na pale palipokuwa na kigoda chake pamejengwa vyumba vya kukodisha. Na binti yangu hivi sasa amekaa hapa na leso kichwani, amekataa kwenda kucheza.

Kuna jambo sikumwambia yule dada wa saluni, na wewe nakwambia kwa sababu tumetoka mbali. Siku anamsuka mtoto, nilikuwa nimekaa papo hapo. Mtoto alinishika sketi mara mbili akisema, "Mama, inauma." Mimi nikamwambia urembo ni kuvumilia, na nikamwambia dada avute haraka amalize, nachelewa chama chetu cha akina mama cha kuchangiana pesa.

Ndiyo maana nilipiga kelele sana siku ile. Kuna mtu aliwahi kusimamisha harusi ya binti yake mwenyewe juani kwa ajili ya kichwa changu. Mimi, hata kuchelewa chama kulinishinda.