Sanduku Lililokula Sauti ya Mwalimu Elam

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapomwona kijana amebeba amplifaya inayomlemea, na nikiikumbuka nakasirika. Kaa hapo, mwanangu. Usiniambie unachelewa mazoezi. Jumapili iliyopita nilikuja kukusikiliza kwenye ule mkahawa wenu wa Kilimani, wenye meza ishirini na dari ninayoweza kuigusa kwa fimbo yangu, na nilitoka kabla hamjamaliza. Ulidhani uzee umenichosha. Haukunichosha. Nilitoka kwa sababu nilimwona yule binti anayewaimbia ametokwa na mishipa ya shingo, na wewe nyuma yake umefumba macho, umejisahau kwa utamu wa gitaa lako mwenyewe. Ningekaa dakika tano zaidi ningekuaibisha mbele ya wageni.

Na leo umekuja kuniambia kwamba hata hiyo amplifaya uliyo nayo haitoshi. Unataka ya wati mia moja, umeiona dukani, na umeniletea picha yake kwenye simu nikupe baraka. Baraka utazipata mwishoni, ukistahili. Kwanza sikiliza.

Miaka ya sabini ilipokuwa bado mipya nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, tarishi wa ofisi moja katikati ya mji, na kichwa kimenivimba. Jumamosi tukifunga kazi saa sita unusu, nilikuwa nasimama nje ya zile kumbi kubwa za mjini kuangalia bendi zikishusha vyombo. Amplifaya zao zilikuwa na spika nne, zinabebwa na watu wawili wanaohema. Yangu ilikuwa ya wati kumi na tano, ina spika moja, naibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji. Niliionea haya. Nilikuwa naifunika kwa koti nikipita nayo barabarani.

Tulikuwa watu watatu. Okoth alipiga dramu, mimi nilipiga gitaa, na Mwalimu Elam aliimba. Elam hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mpishi katika nyumba ya watu wakubwa kule Spring Valley, akiishi na mkewe na binti yao Rosa katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya bustani. Jina la Mwalimu alilipata kanisani kwa kufundisha kwaya. Ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka nyumbani magharibi na sanduku la bati, ndiye aliyenionyesha jinsi kidole gumba kinavyotembea na nyuzi za besi wakati kidole cha shahada kinaimba juu. Nilimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa wangu kweli.

Kila Jumapili alasiri tulipiga katika hoteli moja ndogo ya mtaa wa Hurlingham. Ukumbi wenyewe ulikuwa sebule tu, sakafu ya mbao, watu arobaini wakijaa wamebanana. Walikuja wapishi, madereva, makarani, mafundi, wakitoka kanisani na wake zao. Hawakuja kucheza sana. Walikuja kutajwa. Kabla hatujaanza, mtu alimjia Elam akamnong'onezea: mimi ni wa fulani, mama yangu anaitwa fulani, kwetu ni ng'ambo ya mto fulani. Elam alitikisa kichwa, hakuandika lolote. Kisha katikati ya wimbo, wakati mwenyewe amesahau, ungesikia jina la mama yake likiingia na mto wao na kilima chao. Nimeona wanaume wenye vitambi wakilia kwenye soda zao. Mtu aliyekuwa akiitwa boi tangu Jumatatu hadi Jumamosi, hapo alikuwa mtoto wa watu.

Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa nayo. Na mimi nikaiharibu.

Mpiga gitaa mmoja wa bendi ya mjini alikuwa anahama nchi. Nikampa baiskeli yangu pamoja na ile amplifaya ndogo, naye akaniachia jisanduku lake la wati mia moja. Nililileta Hurlingham kwa mkokoteni, Jumapili, mchana kweupe, nikitembea mbele yake kama bwana harusi. Okoth alipoliona akacheka. Akaniuliza, "Jafeti, hiyo ni ya kupigia hapa ama ya kupigia Kampala wasikie?"

Mwanangu, hapa ndipo kosa la watu wa gitaa lilipo, na usijifanye hulijui. Amplifaya za wakati ule zilikuwa na taa za kioo ndani, zinapata moto. Ukiifungua kidogo, sauti inatoka kavu, haina ladha, kama uji uliosahauliwa sukari. Utamu unaanza kitufe cha sauti kikifika nusu. Ile ndogo yangu niliifungua karibu yote, ikaimba vizuri, na bado watu walisikizana mezani. Hii kubwa ilipofika nusu, glasi zilianza kutembea zenyewe. Nilikuwa na njia mbili: kuipiga chini na kukosa utamu wangu, au kuipiga nilivyotaka na kuwakosesha wengine. Unajua nilichochagua, kwa sababu ndicho ulichochagua wewe.

Na kuna jambo la pili la kijinga. Niliiweka chini sakafuni, nyuma yangu. Sauti ikawa inanipiga magotini na kwenda zake. Mimi nikasikia kidogo, nikaongeza. Mwalimu Elam alisimama hatua tatu mbele, ikawa inampata kisogoni. Maiki yake ilipitia kispika kidogo cha hoteli kilichotundikwa ukutani, nacho kilikuwa kinapiga kelele za kuomba msaada. Hakuweza kujisikia. Na mwimbaji asiyejisikia hufanya nini? Anapaza.

Jumapili ya kwanza aliniambia, "Jafeti, punguza hiyo kitu kidogo, ndugu yangu." Nikamjibu kwamba ikipunguzwa inapoteza utamu. Jumapili ya pili akaniambia tena, kwa upole uleule, akitabasamu. Nikapunguza kwa nyimbo mbili, nikarudisha. Ya tatu alikuja na tangawizi mfukoni akawa anatafuna kati ya wimbo na wimbo. Nilidhani ni mafua! Ninakuapia, nilimwona mtu anameza mate kwa shida wiki baada ya wiki, nikadhani ni mafua. Okoth naye, ili asimezwe, akawa anapiga dramu kama anavunja mlango.

Siku moja alikuja fundi mmoja, mtu mzima, amemzika mama yake mwezi uleule. Alikuwa amemnong'onezea Elam jina la marehemu. Tulipomaliza akamsimamia Elam usoni, macho mekundu. "Mwalimu, wewe hukutaja mama yangu."

"Nimemtaja mara tatu," Elam akasema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Usinidanganye. Mimi nimekaa hapo mbele."

Elam alinitazama. Angeweza kuninyooshea kidole, na angekuwa na haki. Badala yake akamshika yule mtu mkono, akaomba msamaha. Na mimi je? Mimi nilimkasirikia yule fundi. Nilisema moyoni, hawa watu hawajui muziki.

Mwezi wa kumi na mbili Rosa aliolewa. Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, saa tisa alasiri, jua linaingia madirishani. Kwa desturi yetu baba alikuwa na kazi moja siku ile ambayo hakuna mwingine angeifanya vilevile: kumwimbia binti majina ya wazee wake mmoja mmoja, kutoka wa zamani kabisa hadi bibi aliyempa jina, ili akiingia kwa watu wengine aingie akiwa na watu nyuma yake. Elam alikuwa akiuandaa wimbo ule tangu Rosa akiwa mtoto mgongoni. Daktari alikuwa amemwambia apumzishe koo, akamjibu kwamba atalipumzisha harusi ikiisha. Na mimi, nikijua hayo yote, nilipeleka sanduku langu. Harusi ya binti wa Mwalimu wangu, ningeendaje na kitu kidogo?

Tulianza. Nilifumba macho. Ilikuwa inapiga vizuri sana siku ile, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Sijui nilipiga kwa muda gani. Ghafla gitaa likafa mikononi mwangu. Nikageuka kwa ukali kuona nani amekanyaga waya, nikamwona mkewe Elam, Mama Rosa, ameshika plagi mkononi, na gauni lake la sherehe limejaa vumbi la sakafuni alipopiga magoti kuichomoa.

Hapo ndipo nilipomsikia Elam. Mdomo wake ulikuwa bado unatembea. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Sauti ilikuwa imemkauka kitambo, ukumbi mzima umeona, Rosa ameona amesimama na shela yake akimtazama babake. Mtu pekee ambaye hakujua kwamba mwimbaji haimbi ni mimi niliyekuwa nikimpigia.

Mama Rosa hakupaza sauti. "Jafeti," akaniambia, "hii sanduku yako imekula sauti ya bwana yangu. Sasa umeshiba?"



Kisha akaenda akasimama karibu na mumewe. Elam akamnong'onezea jina la kwanza sikioni, naye Mama Rosa akaliimba, kwa sauti yake ya kawaida ya mama anayeita watoto, akikosea mahadhi hapa na pale. Jina la pili likafuata, na la tatu. Walimaliza ukoo wote hivyo. Rosa alilia, na wageni walilia. Mimi nilibaki nimeshika gitaa lisilo na umeme, ambalo ni ubao tu, na hakuna aliyeniambia nipige.

Sauti ya Elam ilirudi ya kuongea. Ya kuimba haikurudi. Alipika miaka mingi baadaye na hakukanyaga Hurlingham tena. Wale watu waliokuja kutajwa walitawanyika, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyebeba majina yao kichwani.

Nilimwendea Spring Valley baada ya wiki tatu. Nilimkuta anamenya viazi nje ya mlango wa jikoni. Nilipiga magoti kwenye yale maganda nikamwomba msamaha. Aliniacha nipige magoti kwa muda, nami nilistahili. Halafu akaniuliza kwa ile sauti iliyochanika, "Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara nyingi, Mwalimu."

"Na nilikwambia aje?"

"Kwa upole."

"Hiyo ndiyo makosa yangu mimi," akasema. "Yako unayajua. Nimekusamehe, lakini sikiza. Siku moja utaona kijana mwingine na sanduku kama yako. Usimwambie mara nyingi. Mwambie mara moja, na umwambie na hasira, ndiyo asikie."

Sasa umejua kwa nini nimekufokea tangu umeingia humu. Si tabia yangu. Ni deni la mtu, nami nalilipa kwako.

Kwa hiyo shika haya. Amplifaya hainunuliwi kwa macho, wala kwa wivu wa bendi ya jirani. Nenda kwanza kwenye ukumbi utakaopiga, piga makofi, usikie unavyojibu ukiwa mtupu, na ukumbuke kwamba watu wakijaa watameza sehemu ya sauti, lakini hawataimeza yote. Kwa mkahawa wa meza ishirini, ya wati kumi na tano inakutosha, na ya thelathini ni karibu kuzidi. Chukua ile ambayo utamu wake unaanza kabla hujamfunika mwimbaji. Ukipata ukumbi mkubwa, weka maiki mbele ya hiyohiyo ndogo, mitambo ya ukumbi ibebe sauti; hiyo ndiyo kazi yake. Iinue juu ya kiti, ielekee sikio lako, maana magoti yako hayasikii muziki. Pima sauti yake kwa ile ya dramu ikipigwa bila hasira. Na kila wimbo, mwanangu, kila wimbo, fumbua macho umtazame anayeimba. Ukiona shingo yake imetoka mishipa, mkono wako uende kwenye kitufe kabla hajakuomba. Akikuomba mara ya pili, jua umeshamwumiza.

Yule binti ana jina, ana mama, na labda ana wimbo anaouweka kwa siku yake moja.

Futa hiyo picha kwenye simu. Sogea karibu, nipe kichwa chako. Mungu akupe mikono myepesi na masikio mapana kuliko mikono. Akupe watu wa kuimba nawe hadi mzeeke pamoja, kila mmoja na sauti yake. Jumapili nitakuja tena Kilimani, nitakaa ile meza ya karibu na ukuta, pale penye plagi.