Kornelia Anampa Patriki Zamu ya Mwisho

Kornelia Margwe hakuwa mtu wa kusahau, na mimi Fausta, niliyemchemshia chai kila siku pale Dongobesh, sikumwambia asahau. Asahau nini? Mwaka wa ukame, Patriki ndiye aliyepanga zamu za kunywesha kisimani Masakta. Kila asubuhi alimrudisha baba yake Kornelia mwisho. "Wenye ng'ombe wengi kwanza!" Ng'ombe wote sita wa Mzee Margwe wakafa, na mzee mwenyewe hakumaliza mwaka. Mdogo wake Kornelia, Oliva, alikuwa bado mgongoni.

Kornelia akasomea kompyuta Babati, akaja kusimamia chumba cha intaneti jirani na mgahawa wangu. Ukutani alikuwa na swichi, kiboksi chenye matundu manane, kila tundu na waya wa kompyuta yake. Intaneti yenyewe ilikuwa kidogo, basi yeye ndiye aliyeamua tundu lipi litangulie na lipi lisubiri.

Ijumaa moja chumba kilijaa. Oliva alikuwa kompyuta namba moja, anatuma maombi ya ufadhili wa chuo, mwisho saa kumi jioni. Kornelia akalitanguliza tundu la kwanza. Mara akaingia Patriki na karatasi za zabuni ya mahindi, mwisho saa kumi hiyo hiyo.

"Shikamoo," Kornelia akasema. Adabu ni adabu. Akamkalisha namba saba, kisha tundu la saba akalirudisha nyuma ya yote.

Akaja kwangu anacheka. "Mama Fausta, leo na yeye atasubiri wenye ng'ombe wengi."

"Mwache akauke, mshenzi yule!" nikasema, nikamwongezea sukari. Tulimsema mpaka saa kumi na robo. Raha gani ile!

Tukaenda tukitarajia kumwona akilia. Patriki alikuwa namba moja, anakunja karatasi zake.

"Zimefika zote, mwanangu. Pale saba palinishinda, binti huyu akanipisha kiti. Amelelewa vizuri."

Oliva alikuwa namba saba, macho mekundu. "Ni mzee, dada. Ningekaa vipi yeye anahangaika? Sasa maombi yangu yamegoma, na wameshafunga."

Patriki akambariki Oliva, akatoka.

Mwaka ule Oliva alirudi Masakta kulima mbaazi. Mpaka leo analaumu mtandao. Kornelia hajamwambia, na mimi sijamwambia.