Klarineti Iliyokwanguliwa Kama Mlango

Enzi zetu pale Lufingo, masika yakianza, hakuna mlango uliofungika. Mvua ya Tukuyu mnaijua wenyewe: mbao inavimba, mlango unagoma, anaitwa seremala, anapiga randa, mnafunga. Kiangazi kikija mbao inasinyaa, na baridi inapenya kwenye upenyo ule mpaka sisi watoto tunalala tumejikunyata kitanda kimoja. Mwaka unaofuata randa tena. Hakuna aliyejifunza.

Ndiyo maana mpaka leo nikiikumbuka klarineti ya baba, damu inanichemka.

Baba alikuwa mpulizaji wa bendi ya kanisa. Miaka yote alipuliza klarineti kuukuu ya plastiki iliyofungwa kwa mpira. Kisha marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wakaleta mpya, ya mbao nyeusi, vipande vyake vimelazwa kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu. Tuligombania hata kuinusa! Bibi, mama yake baba, alikuwa amefariki mwaka uleule, na baba aliahidi kwamba asubuhi ya Pasaka, bendi ikienda makaburini kama desturi yetu, atampulizia mama yake kwa klarineti ile.

Basi masika yakaikuta. Vipande vilibana. Pale vinapoingiliana, ncha yake imevishwa ganda laini kama la kizibo cha chupa, na ncha ile haikutaka kuingia. Baba hakuilazimisha. Kila jioni alipaka mafuta ya mgando, akazungusha taratibu, akapuliza kidogo tu, akavitenganisha na kufuta unyevu kwa kipande cha kanga ya mama.

"Mbao ngeni hiyo," alituambia. "Iacheni izoee hewa yetu."

Na ilikuwa inazoea! Ijumaa Kuu ncha iliingia karibu yote.

Lakini mwenyekiti wa wazee wa kanisa hakuwa na subira. Jumamosi, baba akiwa kwenye shamba la chai, aliichukua akampelekea seremala wa milango. Mbao ni mbao, alisema. Seremala akakwangua ganda lote, randa ikala hadi mbao yenyewe.

Asubuhi ya Pasaka vipande vikaingia kiulaini, wazee wakafurahi. Baba aliigeuzageuza, akazungushia uzi pale palipolegea. Tukafika kwa bibi. Ubeti wa kwanza haujaisha, kipande cha chini kikachomoka, kikagonga jiwe la kaburi, kikapasuka.

Mnajua mwenyekiti alisema nini? "Mwe bandu, enyi watu, mnaona? Huyu hajui kushika kitu cha thamani."

Mbele ya watu wote! Mbele yetu, watoto wake! Na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefungua mdomo kumtetea. Tangu siku hiyo baba hakupewa chombo tena, na mwenyekiti aliendelea kukaa benchi la mbele mpaka alipozeeka.

Vijana wa siku hizi ukiwasimulia wanacheka. Wao wanabonyeza kinanda cha umeme, klarineti inalia, na tarumbeta juu. Kukaa na kitu jioni baada ya jioni mpaka kizoee? Thubutu! Chaji ikishuka tu wanalia.

Tulipomzika baba, kijana mmoja wa kwaya alinijia na spika begani.

"Shikamoo mama. Nikuwekee wimbo gani? Hata wa klarineti ninao."

Nilimwambia azime. Tuliimba kwa midomo yetu, sisi wa rika langu tu, maana vijana hawakujua hata ubeti wa pili.