Usimfundishe Mzee Kuchora Saa

Niliyasikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo hayakunitoka kichwani. Eti kwenye ile nyumba ya utafiti wa ugonjwa wa kusahau, mzee akifeli mtihani anafukuzwa na dawa ananyang'anywa.

Aliyesema alikuwa na hakika kabisa. "Mtihani wenyewe wa kuchora saa," alisema. "Jirani yetu alichora vibaya, haikupita wiki wakamwambia asirudi."

Mama yangu mzazi ameanza kusahau. Anatia chumvi, anageuka, anatia tena. Wanangu wanacheka, mimi silali. Zahanati ilishatuandikia twende kwenye nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo nisingeweza kuyasikia na kupita. Nikaenda kumtafuta anayetoa mtihani.

Wagonjwa wanamwita Dada Saa.

Chumba chake kina meza moja na viti viwili. Kioo cha dirisha kimebandikwa karatasi ili mtu asichunguze jua limefika wapi. Ukutani hakuna kalenda wala saa, na ya mkononi ameivua, imo kwenye droo. Mbele yake amekaa bibi mmoja aliyekuwa mkunga.

"Bibi, nitakutajia maneno matano. Yashike, nitakuuliza baadaye."

"Niyashike na nini, mikono yenyewe hii inatetemeka?"

Dada Saa hacheki. Anayataja maneno polepole, kisha anampa bibi karatasi na penseli na kumwomba achore uso wa saa. Bibi anachora duara zuri, halafu namba zote anazirundika upande mmoja. Anaitazama kazi yake. "Hii saa imelewa," anasema.

Dada Saa anaipokea karatasi na kushukuru. Haruhusiwi kusema "vizuri". Haruhusiwi hata kutikisa kichwa. "Mtu akiona nimetabasamu, anajua amepatia. Akiona nimekunja uso, anabadilisha jibu," anaeleza baadaye. "Mwanzoni niliona kama ni ukatili. Sasa nimezoea mpaka nimezidisha. Mume wangu analalamika, anasema akinisimulia cha kuchekesha namwangalia kama ukuta."

Alimaliza sekondari, akafanya kazi ya mapokezi hospitalini, kisha akafundishwa kazi hii. Mshahara wake, anasema, unakwisha kabla ya mwezi kama wa watu wengine. Jioni anakwenda kwao kumsaidia mdogo wake kufunga duka.

Nilimwomba anieleze utafiti wenyewe kwa lugha ya mtu aliyeishia darasa la saba. Alieleza hivi. Kwenye ubongo wa wagonjwa hawa kuna uchafu unaojikusanya miaka na miaka, na sehemu za ubongo zinakufa pole pole. Dawa inayojaribiwa huingizwa kwa dripu kila mwezi, na kazi yake ni kuuondoa uchafu huo. Nusu ya wagonjwa wanapata dawa. Nusu wanapata maji ya dripu matupu, na walishaambiwa hivyo kabla ya kukubali. Nani anapata kipi, yeye hajui, mgonjwa hajui, hata daktari anayewahudumia hajui.

"Kwa hiyo hapa anayefanya mtihani ni dawa," alisema. "Tunataka tuone kama anayeipata anasahau taratibu kuliko asiyeipata. Mzee hafeli. Akisahau, anasahau, tunaandika."

"Na yule aliyefukuzwa?"

"Hakufukuzwa. Figo zake zilisumbua, daktari akasimamisha dripu. Mtaani ikawa amefeli."

Hapo ndipo aliponitajia habari za mzee fundi cherehani, na akanielekeza kwa binti yake. Alisema binti mwenyewe anataka zisimuliwe.

Binti ni msusi. Saluni yake ina viti vitatu na kioo kimoja kirefu, na baba yake hushinda pale pale mlangoni kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwangalia. Yeye pia alikuwa amesikia kwamba anayefeli anafukuzwa. Baba yake alikuwa kwenye mwezi wa tano wa dripu, na binti alishajishawishi kwamba dawa halisi anaipata mzee, maana alikuwa ameanza tena kuwasalimia wateja kwa majina.

"Nikasema hii dawa hainiponyoki," aliniambia huku anagawa nywele za mteja. "Nikamweka darasani."

Darasa lilikuwa hapo hapo saluni. Kila asubuhi alimpa baba yake karatasi, achore saa tano na dakika kumi, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa kuchora mara ya kwanza. Wateja nao wakawa walimu. Mtu kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, anageuka na kuuliza, "Babu, leo siku gani?" Mzee akipatia wanapiga makofi. Akikosa wanamwambia, "Babu, utarudia darasa!"

Mzee alikuwa amekata vitambaa maisha yake yote. Mkono wake ulishika upesi. Baada ya muda alikuwa anachora saa ile bila kuinua penseli, namba zimepangana kama vifungo vya shati.

Binti hakuishia hapo. Alijua wanauliza pia habari za mwili, akaona mzee akilalamika watamtoa. Akamfundisha na hayo. Kichwa hakiumi. Sina kizunguzungu. Nakula vizuri. Nalala vizuri.

Siku chache kabla ya miadi, mzee alianza kuumwa kichwa. Hakula chakula cha mchana siku mbili, na siku ya tatu alitapika. Binti alimfunga kitambaa kichwani, akamnunulia vidonge vya maumivu dukani, na asubuhi ya miadi akakifungua kitambaa mlangoni mwa nyumba ya utafiti na kukitia kwenye mkoba.

Dada Saa anakumbuka kwamba mzee aliingia ameshika ukuta.

Safari hii karatasi ya mtihani ilikuwa nyingine, kwani hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Alimwomba achore saa tisa kamili. Mzee akachora saa tano na dakika kumi, safi kabisa. Dada Saa akampa karatasi nyingine, akarudia: saa tisa kamili. Mzee akachora ile ile.

"Mzee wangu, hapa panaonyesha saa ngapi?"

"Panaonyesha nimemaliza," mzee alijibu.

Akamuuliza, "Umelala salama?" Swali moja tu. Mzee akanyoosha mgongo, akatazama mbele na kusema, "Kichwa hakiumi, sina kizunguzungu, nakula vizuri, nalala vizuri."

Dada Saa aliweka penseli chini, akatoka kumwita daktari. Anasema hakuwaza udanganyifu wakati ule. Aliwaza kwamba maswali matatu yamejibiwa na yeye hajayauliza.

Ukumbini ulitokea ugomvi. Binti alimshika Dada Saa mkono. "Wewe dada, baba yangu amechora! Nimeiona saa mwenyewe ulipofungua mlango, mbona mnatafuta sababu ya kumtoa?"

"Mama, anaumwa nini?"

"Haumwi!"

"Nakuuliza kwa ajili yake. Anaumwa nini?"

Binti alifungua mkoba, akatoa kitambaa. Akasema kila kitu akiwa amesimama, mbele ya watu.

Picha ya kichwa ilipigwa siku hiyo hiyo. Ubongo ulikuwa umevimba upande mmoja, na palikuwa na doa dogo la damu. Daktari alinieleza kwamba dawa za aina hii zinaweza kuleta hayo kwa baadhi ya watu. Ndiyo maana wanauliza habari za kichwa kila mara. Ikijulikana mapema, dripu husimamishwa na uvimbe mara nyingi hushuka wenyewe. Nilimuuliza ingekuwaje kama mzee angepewa dripu nyingine asubuhi ile. Alisema, "Huenda tungekuwa tunazungumza mambo mengine, mama."

Na kuna hasara ya pili. Majibu ya mzee ya miezi yote ile hayafai tena. Wazee wengi wakifundishwa, dawa mbovu itaonekana nzuri na watu watainunua, au nzuri itaonekana haina tofauti na maji, itupwe.

Mzee yuko mlangoni pa saluni. Uvimbe umepungua, ila upande wa kushoto bado anakanyaga kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Dripu imesimama. Kama atarudishiwa, itaamuliwa baada ya picha nyingine, na binti hajui aombee lipi. "Nilikuwa naogopa watamtoa," alisema. "Sasa naogopa wakimtoa, na wakimrudisha pia naogopa."

Dada Saa amewaomba wakubwa wake kwamba siku ya kwanza ndugu wote wanaoishi na mgonjwa waitwe, wakalishwe na kuambiwa wazi kwamba hakuna anayetolewa kwa kusahau. Wamekubali kujaribu mwezi ujao. Anataka aongee yeye, na siku hiyo, anasema, ataruhusiwa kutikisa kichwa.

Mama yangu tutampeleka. Wewe mwenye mzazi kama wangu, haya uyashike:

Usimfundishe majibu nyumbani, hata tarehe ya siku ile.

Usimjibie akiwa anafikiri. Usimkonyeze.

Usifiche kuumwa kichwa, kutapika, kupepesuka wala kuona maruweruwe.

Usimpe dawa ya dukani bila kuwaambia wanaompima.

Usiulize mtaani nani ametolewa na kwa nini. Uliza kwenye nyumba ya utafiti yenyewe.

Usimkemee akikosea.

Na akibadilika ghafla, usingoje siku ya miadi. Mpeleke leo.